Kahawa Inayouzwa Ikiwa Ua

Mvua za vuli zikishashika, mibuni ya Buganguzi huchanua kwa siku chache tu. Maua meupe hujaa kwenye matawi na kunukia hadi barabarani, kisha hunyauka na kuacha vijitunda vya kijani ambavyo havitaiva mpaka Mei, Juni au Julai ya mwaka unaofuata. Ndani ya miezi hiyo ya kusubiri ndipo butura hufanyika. Mkulima huuza kahawa ambayo bado ni ua, au tunda bichi, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Mnunuzi hulipa leo kwa bei ya chini mno, halafu hukaa kungoja mavuno. Viongozi wa Mkoa wa Kagera wameikemea biashara hii msimu baada ya msimu. Imepigwa marufuku, imeitwa unyonyaji, imeitwa wizi, na bado ipo.

Kwa nini ipo? Jibu la haraka ni kwamba wakulima hawana elimu na walanguzi hawana huruma. Jibu hilo linawafaa wenye kuhutubia, lakini halielezi kitu. Mkulima wa Muleba anajua hesabu ya kahawa yake kuliko ofisa yeyote anayemjia na gari. Anapouza ua anajua kabisa anapoteza, na mara nyingi anaweza kukuambia anapoteza kiasi gani. Nionavyo mimi, tumekuwa tukiishughulikia butura kama jambo la soko, yaani nani anunue kahawa na kwa bei ipi, wakati shina lake ni kalenda.

Tuanze na kibanja chenyewe. Buganguzi ni kata ya Wilaya ya Muleba, na kama ilivyo kwa Wahaya wengi, kaya huishi katikati ya shamba lake: migomba juu, mibuni chini ya kivuli chake, maharage katikati, na nyasi zilizokatwa rweya, yaani uwanda wa wazi wa nyasi, zikiwa zimetandazwa ardhini kutunza unyevu. Ndizi ni chakula na kahawa ni fedha. Ndizi hukatwa mwaka mzima, mkungu mmoja leo na mwingine wiki ijayo. Kahawa ya robusta huleta fedha msimu mmoja, kuanzia karibu na Mei hadi Septemba hivi. Kuanzia Oktoba hadi Aprili kaya inayotegemea kahawa haina mlango mkubwa wa fedha. Novemba senene wakianguka wengi huwauza na kupata chochote, lakini senene hawana ratiba ya kuaminika, na mwaka mwingine hawaji kabisa.

Matumizi nayo yana kalenda yake, na inakaribia kuwa kinyume cha ile ya kahawa. Desemba ni Krismasi, watoto na ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza, na nyumba haiwezi kupokea wageni mikono mitupu. Januari shule zinafunguliwa. Ada ya sekondari kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia 2016, lakini sare, madaftari, viatu, godoro la bweni na michango ya chakula havikufutwa. Februari na Machi ni kupalilia na kununua mbegu za maharage. Ugonjwa na msiba havina mwezi. Mgonjwa akipelekwa Ndolage au Rubya, hospitali mbili ambazo watu wa huku huzikimbilia, fedha inatakiwa siku hiyohiyo. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba ugunduliwe Muleba mwaka 2006, liko na jingine ambalo wazee hawakulizoea: mgomba ukifa, chakula chenyewe kinageuka kuwa cha kununuliwa.

Hesabu ya butura ni rahisi kuifuata. Tuseme bei ya kahawa ya maganda wakati wa mavuno ni Sh 3,000 kwa kilo. Mama mmoja anahitaji Sh 100,000 Januari ili mwanawe aripoti kidato cha kwanza. Mwenye fedha anamwambia kahawa ya butura ananunua kwa Sh 1,000 kwa kilo. Makubaliano yanafanyika, na Juni mama anapeleka kilo 100. Kilo hizo sokoni zina thamani ya Sh 300,000. Amekopa laki moja na kulipa laki tatu ndani ya miezi mitano au sita. Hakuna mkopo wa benki wenye riba ya namna hiyo, na hata ile mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu haifiki hapo mara nyingi. Lakini tuitazame hesabu hiyohiyo kwa jicho la mama. Benki haikopeshi Sh 100,000 kwa dhamana ya mibuni kwenye kibanja cha ukoo kisicho na hati. Mwenye kausha damu anataka rejesho la kila wiki, naye hana kipato cha kila wiki. Butura inadai mara moja tu, katika mwezi pekee ambao yeye ana kitu cha kulipa. Ni mkopo ghali kuliko yote kijijini, na ndio pekee unaofuata majira ya shamba.

Kuna sura mbili za butura, na tofauti yake hutajwa mara chache. Ya kwanza ni kuuza miti: mnunuzi anaonyeshwa mibuni kadhaa, na kitakachotoka ni chake. Kahawa ikipukutika kwa jua, hasara ni yake. Ya pili ni kuuza kipimo: debe kadhaa au kilo kadhaa, zipatikane zisipatikane. Hapa hasara yote inabaki kwa mkulima. Mavuno yakiwa haba, deni husogezwa mwaka unaofuata likiwa limeongezeka, na baada ya misimu miwili au mitatu mtu anajikuta anavuna shamba lake kwa ajili ya mwingine. Wanaopoteza vibanja hupitia njia hii ya pili. Kama ningekuwa mtunga sheria ndogo za halmashauri ningeanza kuibana hiyo, kwa sababu ile ya kwanza, pamoja na ubaya wake, walau ina kugawana bahati. Marufuku za sasa hazitenganishi, zinazipiga zote kwa fimbo moja, na matokeo yake hazipigi hata moja.

Sababu ya marufuku kushindwa iko wazi kwa mtu aliyekaa kijijini. Mkopeshaji wa butura kwa kawaida si mgeni aliyevaa miwani ya jua. Ni mwenye duka la hapo njia panda, ni mwalimu mstaafu, ni jirani mwenye pikipiki ambaye usiku wa manane alimbeba mtoto wako hospitali. Makubaliano yanaandikwa kwenye daftari la shule au hayaandikwi kabisa. Ofisa akija kuuliza nani kauza maua, hapati shahidi, kwa kuwa mkopaji anajua akimtaja huyu leo, Januari ijayo atabisha hodi kwa nani? Serikali ya Mwingereza nayo ilikuwa na sheria ya kubana mikopo kwa wenyeji, na watu waliendelea kukopeshana. Kahawa ya Bukoba ina historia ndefu ya amri zisizosikiliza wakulima: mwaka 1937 kanuni za serikali ya kikoloni kuhusu utunzaji wa mibuni zilizusha ghasia kwa sababu wenye vibanja hawakushirikishwa.

Ushirika ulikuja kama jibu, na kwa muda ulikuwa jibu zuri. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilisajiliwa 1950, na kikawa miongoni mwa vyama vyenye nguvu Tanganyika. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu nchi nzima na kazi ikahamia kwa mamlaka ya zao. Vikarudishwa miaka ya 1980, na chama kikuu cha Kagera tunachokijua leo, KCU, kikasajiliwa upya 1990. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini, na mwaka 2018 wakaondolewa tena, kahawa yote ikaelekezwa kwa vyama vya msingi, yaani AMCOS. Sasa kuna minada ya kidijitali inayoendeshwa kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambamo wanunuzi hushindania kahawa iliyokusanywa kwenye maghala. Mfumo umebadilika mara nne au tano ndani ya maisha ya mzee mmoja. Butura imepita katikati ya yote hayo bila kujeruhiwa.

Hapa wapo watakaosema: subiri, minada imepandisha bei, na bei nzuri itaua butura yenyewe. Ni kweli bei imepanda, na sehemu kubwa ya sifa ni ya soko la dunia. Mwanzoni mwa 2020 tani ya robusta katika soko la London haikufika dola 1,500. Septemba 2024 ilipita dola 5,000, kwa sababu ya ukame Vietnam na wasiwasi wa mavuno Brazil. Mkulima wa Kagera aliihisi tofauti hiyo mfukoni, na ni haki yake. Lakini bei nzuri hulipwa Julai. Fedha ikiingia Julai yote kwa mkupuo, bati linanunuliwa, deni la zamani linalipwa, harusi iliyoahirishwa inafungwa, na Desemba inapofika sanduku ni tupu kama mwaka jana. Isitoshe, bei ikipanda, butura inakuwa tamu zaidi kwa mwenye fedha. Anayejua kahawa itauzwa Sh 4,000 ana hamu kubwa ya kununua ua kuliko anayetarajia Sh 1,200.

Nitoke kidogo Kagera, kwa maana jambo hili halikuzaliwa hapa. Mtwara na Lindi wana korosho, na wana kangomba, ambayo ni ndugu wa butura: mnunuzi asiye rasmi anazunguka vijijini na fedha kabla ya msimu au mwanzoni mwake, anachukua korosho kwa bei ya kutupa, kisha yeye ndiye anayeipeleka ghalani. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara msimu wa 2007/08 ukiwa na ahadi ya kumwondoa mtu huyu. Hakuondoka. Aprili 2013 huko Liwale, malipo ya wakulima yalipokuja pungufu, zilizuka vurugu na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Novemba 2018 Rais Magufuli aliamuru jeshi likusanye korosho na serikali inunue kwa Sh 3,300 kwa kilo. Kabla ya kulipa, maofisa walitumwa kuhakiki mashamba, ili mwenye tani nyingi ghalani aonyeshe mikorosho yake. Zoezi hilo lilikusudiwa kumnasa kangomba. Lakini lilichelewesha malipo ya wengi, na aliyecheleweshewa malipo Desemba alifanya nini? Alikwenda kutafuta mtu wa kumkopesha kwa dhamana ya korosho za msimu ujao.

Mbali zaidi, Guinea-Bissau, nchi ndogo ya Afrika Magharibi, inaonyesha hali hii ikiwa ya taifa zima. Korosho ni zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake ya nje, na karibu yote huondoka ikiwa na ganda kwenda India na Vietnam. Msimu ni kati ya Machi na Juni, na mara tu baada yake inaanza mvua na miezi ya njaa, mpunga wa nyumbani ukiwa bado mashambani. Kwa hiyo kaya nyingi hubadilishana korosho na mchele moja kwa moja. Mwaka mzuri kilo ya korosho hupata kilo ya mchele, na mwaka mbaya hutolewa kilo mbili au zaidi. Mfanyabiashara mwenye ghala la mchele ndiye mwenye korosho. Watu wa Guinea-Bissau walipoacha mpunga na kujaza mikorosho waliuza pia kalenda yao ya chakula. Buganguzi haijafika huko kwa sababu ya ndizi, na ndiyo maana mnyauko wa migomba ni habari ya kahawa pia, ingawa wizarani huwekwa kwenye majalada tofauti.

Na Uganda? Watu wa Kagera husema kila siku kwamba ng'ambo ya mpaka wa Mutukula mambo ni bora: mnunuzi anakuja na fedha mkononi, hakuna kusubiri mnada. Ndiyo sababu magendo hayajaisha, kwa barabara za panya na kwa mitumbwi ziwani. Sehemu ya fedha za butura nayo husemwa kwamba inatoka huko. Lakini Uganda, yenye soko huria la kahawa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo ina wakulima wanaouza maua. Soko huria halijaua butura, ushirika wa lazima haujaiua, jeshi halikuua kangomba. Mifumo mitatu tofauti imezaa matokeo yaleyale, na hilo lingetosha kutufanya tuache kubishana kuhusu mnunuzi na tuutazame mwezi wa Januari.

Gharama ya butura haiishii kwa mkopaji. Aliyenunua miti hana sababu ya kusubiri tunda liive, kwani ana haraka ya kurudisha mtaji na anahofia kuibiwa. Huja Aprili au mapema Mei na kukwangua tawi zima, nyekundu kwa kijani. Kahawa hiyo inaanikwa chini, mara nyingine juu ya udongo mtupu. Ukiichukua mkononi baada ya wiki utaiona: iliyochumwa ikiwa imeiva hukauka ikawa ya kahawia iliyokolea, na ukitikisa tunda sikioni unasikia buni zikicheza ndani. Iliyochumwa mbichi hukunjamana, hubaki na rangi ya kijivu, haina sauti, na ukiimwaga kwenye ndoo ya maji mengi yake huelea. Kwa kawaida kilo 100 za maganda hutoa karibu kilo 50 za kahawa safi, ila rundo la namna hii hutoa pungufu. Likichanganywa ghalani na la jirani aliyechuma vizuri, wote wawili wanapata daraja la yule mbaya.

Liko pia suala la miche. Mnyauko fuzari ulioingia Kagera kutoka Uganda katika miaka ya 1990 uliua mibuni mingi ya robusta, na kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kilichoko Maruku kikazalisha aina zinazouhimili, mojawapo ikiitwa Muleba 1. Miche hiyo imegawiwa kwa miaka mingi sasa. Kupanda upya kunataka kung'oa mbuni wa zamani na kukaa miaka miwili, mitatu bila mavuno mahali pale. Mtu ambaye mbuni wake wa zamani umeshauzwa ukiwa na maua hawezi kuung'oa. Anapewa mche bure na anaupanda pembeni, kivulini, ambako haustawi.

Kwa hiyo dawa ni nini? Stakabadhi ghalani peke yake haitoshi, kwa kuwa inamkopesha mtu kwa kahawa ambayo tayari imefika ghalani, yaani Juni, wakati yeye alihitaji mkopo Januari. Yako mambo mawili ambayo AMCOS inaweza kuyafanya bila kusubiri sheria mpya kutoka Dodoma.

La kwanza ni kurudisha malipo ya pili, na kuyapangia tarehe. Zamani vyama vilipolipa kwa awamu, malipo ya awali wakati wa kukusanya na ya pili baadaye, mkulima alilalamika, na alikuwa na haki, kwa sababu yale ya pili mara nyingi yalichelewa au hayakuja. Kosa lilikuwa kwenye uaminifu. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi. Mwanachama anayetaka aruhusiwe kusema wakati wa kupima kahawa yake: nilipeni robo tatu sasa, robo iliyobaki wekeni benki kwa jina langu, nitaichukua wiki ya kwanza ya Januari. Iwe hiari, iwe kwenye akaunti yake mwenyewe, isiguswe na kiongozi yeyote. Kwa mama wa mfano wetu, aliyeuza kilo 200 kwa Sh 3,000, robo hiyo ni Sh 150,000. Inamtosha kumpeleka mtoto shule bila kuuza hata ua moja.

La pili ni mkopo mdogo wa dharura kwa mwanachama, usiozidi sehemu fulani ya kahawa aliyoleta misimu iliyopita, urejeshwe kwa makato wakati wa mnada. Vitabu vya chama vina kumbukumbu ya kila kilo, na hiyo ni dhamana bora kuliko hati ambayo haipo. Hatari yake ni kubwa na sitaificha: mkopaji anaweza kupeleka kahawa yake kwa jina la shemeji ili akwepe makato, au viongozi wakajikopesha wenyewe kwanza. Vyama vingi vya msingi vimefilisika kwa njia hizo. Ndiyo maana mkopo uanze mdogo, majina ya waliokopa yabandikwe ukutani ofisini, na asiyelipa asikopeshwe tena. Vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama vinafanya hivyo kila wiki kwa fedha ndogo zaidi, na vinaishi.

Butura haitaisha yote. Bado kutakuwa na anayeuza maua ili anunue lubisi, yaani pombe ya ndizi, na huyo hana dawa katika makala. Lakini wengi wanauza kwa ajili ya sare na dripu. Mwanachama wa AMCOS unayesoma hapa, mkutano mkuu wa chama chako kwa sheria ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu malipo. Utakapoitishwa, omba malipo ya Januari yaingizwe kwenye ajenda, na uombe yajadiliwe kabla ya msimu kufunguliwa, si baada ya mnada wa kwanza.